Mwanamume Anayefuga Nywele: Nia, Alama na Kipindi cha Kati

Kati ya kichwa kilichonyolewa na kichwa chenye nywele ndefu kuna miezi ambayo mwanamume haonekani kuwa upande wowote. Nywele zimeshapita urefu ambao kinyozi angeuacha, lakini hazijafikia urefu wa kufungwa, kusukwa, wala kusokotwa zikashika. Kwa nywele za kipilipili, ambazo ndizo za karibu wakazi wote wa Ngara na Biharamulo, kipindi hicho ni kirefu kuliko kwa nywele za singa. Nywele ya binadamu huongezeka takriban sentimita 1 kwa mwezi, ya Mwafrika kwa kawaida hupungua kidogo hapo, na kwa kuwa inajikunja tangu inapotoka kichwani, sehemu kubwa ya urefu wake haionekani. Subira ya miezi sita huonekana machoni pa watu kama uzembe wa wiki sita. Hapo ndipo maneno huanza, nyumbani, kazini, kanisani na msikitini, na hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa muda mrefu: je, mtu anawajibika kwa maana ambayo wengine wanaipa sura yake, wakati yeye bado hajaifikia maana anayoikusudia?

Ngara ni wilaya ya milima inayopakana na Rwanda na Burundi, nchi ya Wahangaza na Washubi. Biharamulo, upande wa mashariki, ina Wasubi, Wazinza na Wahaya, pamoja na Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Katika wilaya zote mbili mazoea ya leo ni kwamba kichwa cha mwanamume ni cha kunyolewa. Vibanda vya vinyozi havikosekani Benaco, Kabanga, Nyakanazi wala Biharamulo mjini, na mteja wa kawaida hukaa kitini bila kueleza kitu, kwa sababu kazi inajulikana: mashine ipite, pembeni pachongwe, basi. Shule nazo hushikilia mazoea hayo. Mvulana huingia darasa la kwanza na nywele fupi na kutoka kidato cha nne au cha sita na nywele fupi. Kwa hiyo anayeamua kufuga hufanya hivyo kwa mara ya kwanza maishani akiwa na miaka 18 au 20, katika umri ule ule ambao anatafuta kazi, anatafuta mchumba na anataka watu wazima wamwamini. Kipindi cha kati humkuta pale anapotazamwa zaidi.

Wanaomtazama wana majina tayari. Ataitwa muhuni, mvuta bangi, chizi, au rasta hata kama hajui lolote kuhusu imani ya Rastafari. Mama mzazi huenda akauliza kwa upole, "Mwanangu, una shida gani?", maana nywele zisizoguswa humkumbusha mgonjwa, mfungwa au mtu aliyefiwa. Katika wilaya ya mpakani hukumu hiyo ina uzito wake. Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa kama 24, na kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Mahali palipopokea wageni kwa kiasi hicho, kumsoma mtu kwa sura ni mazoea yanayoeleweka, ingawa kueleweka kwake hakuyafanyi kuwa ya haki. Anayesomwa hivyo hana cha kujitetea nacho isipokuwa neno lake, kwa sababu alama anayoijenga haijakamilika.

Eubulides wa Mileto, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anatajwa kuwa ndiye aliyetunga fumbo la mwenye upara: ukimng'oa mtu unywele mmoja hawi mwenye upara, ukiongeza wa pili bado, na hakuna unywele unaoweza kunyooshewa kidole kwamba ndio uliomvusha mpaka. Fumbo hilo hufanya kazi vilevile likigeuzwa. Hakuna siku ambayo nywele fupi huamka zikiwa ndefu. Anayesema kwamba nywele fupi ni adabu na nywele ndefu ni fedheha analazimika kueleza fedheha huanza lini, na hawezi, ila kwa kuweka mpaka wa makubaliano. Kuweka mpaka hakuna ubaya. Shule hufanya hivyo, jeshi hufanya hivyo. Ubaya ni kuudai mpaka wa makubaliano kana kwamba umeandikwa katika maumbile.

Historia ya eneo hili inathibitisha kwamba mpaka umekuwa ukihama. Ng'ambo ya Rusumo, nchini Rwanda, wanaume na wasichana ambao hawajaolewa walinyoa kwa mtindo wa amasunzu, nywele zikiachwa katika matuta yaliyopinda kama mwezi mchanga na sehemu nyingine zikinyolewa safi. Mtindo huo ulikuwa heshima, na ulieleza hadhi ya mtu kabla hajafungua mdomo. Huko Umasaini moran, kijana wa rika la wapiganaji, hufuga nywele, akazipaka udongo mwekundu, wenzake wa rika wakamsuka, na katika sherehe ya eunoto mama yake humnyoa. Moran huyo hana kipindi cha kati cha aibu, ingawa nywele zake hupitia urefu ule ule wa katikati. Kila mtu anajua zilianza lini, zinafugwa kwa ajili gani na zitanyolewa na nani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kubadili ngozi, ulitumia jina la utamaduni wa taifa. Utamaduni wenyewe, ukitazamwa kichwani, ulikuwa na mambo mengi kuliko amri hiyo ilivyoweza kubeba. Kilichokataliwa na jamii za zamani ni nywele zisizo na maelezo, na huo ndio ufunguo wa suala zima.

Maandiko ya dini yanaelekea huko huko. Sheria iliyo kamili zaidi juu ya mwanamume anayefuga nywele imo katika sura ya 6 ya kitabu cha Hesabu, ambapo anaelezwa mnadhiri: mtu anayejiweka wakfu kwa Mungu kwa muda maalumu, asinywe divai, asipitishe wembe kichwani, asiikaribie maiti. Muda unapotimia, hunyolewa mlangoni pa hema ya kukutania na nywele huwekwa katika moto ulio chini ya sadaka ya amani. Nywele zimekuwa kalenda ya nadhiri. Urefu wake ni siku zilizotimizwa. Wasomi wa Kiyahudi ambao mafundisho yao yalikusanywa katika Mishna, mnamo mwaka 200, waliingia ndani zaidi ya hapo. Waliamua kwamba nadhiri isiyotajwa muda ni ya siku 30. Waliamua pia kwamba mnadhiri anaruhusiwa kuosha nywele zake na kuzitenganisha kwa vidole, lakini asizichane kwa kitana, kwa kuwa kitana hung'oa. Na aliyeweka nadhiri ya maisha, nywele zikimlemea, aliruhusiwa kuzipunguza. Ni jambo la kupendeza kwamba watu wazito kiasi hicho waliketi wakajadili uoshaji wa nywele za katikati. Waliona kwamba nadhiri haimtoi mtu katika mwili, na kwamba mwili unaoota nywele unahitaji kanuni kila siku, hata kabla ya siku ya madhabahu kufika.

Biblia ina visa viwili vya kipindi cha kati ambavyo havihubiriwi vya kutosha. Cha kwanza ni cha wajumbe wa Daudi katika 2 Samweli 10. Mfalme wa Waamoni aliwanyoa nusu ya ndevu zao na kuwakata mavazi, wakarudi wakiwa wameaibishwa sana. Daudi hakuwaambia wajikaze, wala hakuwaita Yerusalemu mbele za watu. Aliwatumia ujumbe wabaki Yeriko mpaka ndevu ziote, ndipo warudi. Katika kisa hicho kiongozi anatambua kwamba kuna muda ambao sura ya mtu humletea aibu isiyo haki yake, na kwamba jamaa wana wajibu wa kumpa mahali pa kungojea. Kijana wa Rulenge au Lusahunga anayefuga nywele hana Yeriko yake, lakini nyumba yenye baba na mama wasiomdhihaki mbele ya wageni inaweza kuwa hiyo.

Cha pili ni cha Samsoni, katika Waamuzi 16. Watu hukumbuka Delila na wembe, kisha hurukia nguzo za hekalu. Katikati kuna sentensi fupi inayosema kwamba baada ya kunyolewa, nywele za kichwa chake zilianza kuota tena. Samsoni alikuwa gerezani Gaza, ametobolewa macho, anasaga ngano. Wafilisti wangeweza kuziona nywele hizo kila siku na hawakuzijali, kwa sababu nywele za katikati hazina maana kwa asiyeijua nia. Nazo hazikuwa zimerudi katika urefu wa zamani siku alipoletwa hekaluni. Kilichotangulia nguvu zake safari hii ni sala: alimwita Bwana amkumbuke mara moja tu. Masimulizi yenyewe, ambayo mwanzoni yaliifunga nguvu kwenye nywele, mwishoni yanaiweka kwenye ombi la mtu ambaye alama yake bado haijakamilika. Anayetafuta msingi wa kiroho wa kipindi cha kati ataupata humo kuliko katika fahari ya Absalomu, mwana wa Daudi, aliyenyoa kila mwisho wa mwaka na nywele zake zikapimwa shekeli 200 kwa uzani wa mfalme.

Kikwazo kinachotajwa zaidi makanisani ni 1 Wakorintho 11:14, ambapo Paulo anauliza kama maumbile yenyewe hayafundishi kwamba ni aibu kwa mwanamume kuwa na nywele ndefu. Andiko hilo halipaswi kukwepwa. Paulo alikuwa anataka utaratibu katika ibada ya kanisa lililokuwa na migogoro, na alitaka mwanamume na mwanamke watofautike kwa namna iliyoeleweka mjini Korintho. Lakini hoja ya maumbile, ikichukuliwa kwa maana ya kawaida, inageuka: nywele zikiachwa kwa maumbile, huota. Zinazofupishwa hufupishwa na mkono wa mtu. John Calvin, mwanateolojia wa Geneva wa karne ya 16, alipolifafanua andiko hilo alilisoma kuwa linahusu desturi iliyokuwa imezoeleka wakati huo, akataja kwamba Galia na Ujerumani wanaume walikuwa hawakati nywele. Na Paulo mwenyewe, kwa mujibu wa Matendo 18:18, alinyoa kichwa Kenkrea kwa sababu alikuwa na nadhiri. Kenkrea ni bandari ya Korintho. Kama nadhiri hiyo ilikuwa ya namna ya Hesabu 6, basi aliyewaandikia Wakorintho juu ya aibu ya nywele ndefu aliwahi kuwa na nywele za katikati karibu na mlango wao. Hapo agizo lake linasomeka vema zaidi kama agizo la adabu mahali fulani, nalo linabaki na nguvu: Mkristo wa Ngara anapaswa kujiuliza jinsi kichwa chake kinavyosomeka kwa anaosali nao. Anapaswa kujiuliza, na ana haki ya kujibu.

Katika Uislamu swali limekaa mahali pengine kidogo. Hadithi sahihi zinaeleza kwamba nywele za Mtume Muhammad zilifika masikioni, na nyakati nyingine mabegani. Mapokezi mengine yanasema aliingia Makka akiwa na misuko minne. Urefu kwa hiyo si dhambi, na maulamaa wametofautiana tu kama kuufuata ni sunna ya ibada au ilikuwa ada ya watu wake. Masharti yamewekwa kwenye matunzo. Yamepokewa mafundisho kwamba mwenye nywele azikirimu, na kwamba mtu aliyeingia akiwa na nywele na ndevu zilizotimka aliashiriwa atoke akajitengeneze. Limekatazwa pia lile la kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu, na kwa kanuni hiyo kiduku na panki vina tatizo kubwa kuliko nywele za mabegani. Amasunzu nayo, iliyokuwa heshima ya Mnyarwanda, isingepita. Liko pia suala la twahara ya mwili: katika josho la janaba maji hayana budi kufika kwenye mashina ya nywele, kwa hiyo Mwislamu anayesokota dredi anatakiwa ahakikishe zinaruhusu maji kupenya, na jambo hilo huamuliwa mapema, zikiwa bado fupi.

Mzazi akipinga, njia za dini hizi mbili zinaachana. Kwa Mwislamu, kufuga nywele ni jambo la halali tu, na kumridhisha mama katika jambo la halali kuna uzito mkubwa. Akiombwa anyoe, hoja ya kukataa ni nyembamba. Kwa mwenye nadhiri ya Hesabu mambo ni tofauti. Sura ya 30 ya kitabu hicho humpa baba uwezo wa kutangua nadhiri ya binti aliye nyumbani mwake siku anapoisikia, lakini haimpi uwezo huo juu ya mwana wa kiume. Nadhiri ya kijana husimama. Ndiyo maana ni muhimu kijana ajue kama anachokifanya ni nadhiri au ni kupenda tu. Kupenda kunaweza kusubiri mwaka mwingine. Ni uchungu kuona familia ikigombana kwa miezi juu ya jambo ambalo mwenyewe hajalipa jina.

Warastafari walilipa jina. Imani yao ilianza Jamaika baada ya kutawazwa kwa Haile Selassie, Novemba 2, 1930, nao husimamisha dredi zao juu ya nadhiri ya Hesabu 6. Kwao kipindi cha kati ni sehemu ya imani, kwa kuwa wengi huacha nywele zishikane zenyewe bila kulazimishwa, na kushikana huko huchukua mwaka au zaidi. Mahakama za kanda hii zimeanza kutambua msimamo huo. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba shule isingeweza kumzuia mwanafunzi wa familia ya Kirastafari kwa sababu ya dredi zake, na Mei 2023 Mahakama Kuu ya Malawi, mjini Zomba, iliamua kwamba watoto wenye dredi waandikishwe katika shule za umma. Hukumu hizo hulinda nywele zenye imani nyuma yake. Kijana anayefuga kwa kuiga mwanamuziki hapati ulinzi huo, na ni sawa asiupate kwa jina la dini, ingawa anastahili heshima ya kawaida. Masingasinga, kwa upande wao, hawana tatizo hili kabisa, maana nywele za mtoto hazikatwi tangu kuzaliwa. Kipindi cha kati ni mzigo wa anayechagua akiwa mtu mzima.

Mzigo huo huanza kupungua kwa matunzo. Kinyozi mzoefu akiambiwa mapema kwamba mteja anafuga, haigusi sehemu ya juu. Huweka mstari kuanzia paji la uso, akashuka pembeni mwa masikio hadi kisogoni, akasafisha nje ya mstari huo kwa mashine na kumalizia kwa wembe. Nywele za juu huoshwa, hupakwa mafuta zikiwa bado na unyevu, kisha huchanuliwa kwa chanuo kuanzia nchani kuelekea kwenye mashina ili zisikatike. Ukingo uliochongwa una kazi ya kimaadili: unamwambia jirani kwamba kichwa hiki kina mwenyewe na kinaangaliwa. Wenye nadhiri ya kutopitisha wembe hawana njia hiyo. Hubaki na maji, na kofia, na maneno. Kofia si udanganyifu. Aliyevaa kofia hajadai kuwa amenyoa. Udanganyifu ungekuwa kumwambia mwajiri kwamba nywele zitakatwa mwisho wa mwezi huku moyoni zimewekewa miaka.

Maneno hutangulia hayo mengine yote, na ndiyo ambayo vijana wengi huyaruka. Mnadhiri alitamka. Moran hutangaziwa na rika zima. Anayefuga kimya huwaachia wengine kazi ya kubuni sababu, nao hubuni mbaya. Kumwambia baba, katekista, imamu au msimamizi wa kazi kwamba nywele zinafugwa, kwa sababu fulani na kwa muda fulani, hakumnyimi mtu uhuru wake. Kunawapa wengine nafasi ya kumwamini kabla ya kuona, na katika kipindi cha kati hakuna njia nyingine ya kuaminiwa.

Ugumu mkubwa hutokea msiba unapoingia. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu kunyoa baada ya maziko ni sehemu ya kuumaliza msiba, na asiyenyoa huonekana amejitenga na marehemu. Hesabu 6 inamkataza mnadhiri kujitia unajisi hata kwa baba au mama yake. Kumbukumbu la Torati 14:1 inakataza kujinyoa upara kwa ajili ya mfu, na mafundisho ya Mtume Muhammad yanamlaani mwenye kunyoa kichwa kama maombolezo. Mtu mwenye nadhiri ana misingi ya kuomba ukoo umwachie, na wazee wenye busara wanaweza kupokea shungi moja badala ya kichwa kizima. Wasipokubali naye akakubali kwa ajili ya amani, au akanyolewa bila hiari, nadhiri haijafa. Aliyetiwa unajisi na maiti ndiye anayepoteza siku zake zote na kuanza kuhesabu upya. Aliyenyolewa, hata na wanyang'anyi, Mishna inasema amepoteza siku 30, zinazotosha nywele kuota tena kiasi cha kunyoleka, kisha anaendelea pale alipoishia.